PROGRAMU MPYA IPIMWE KABLA HAIJATUPIMA SISI

Ndugu wanachama,

Reli haijafika Isiolo. Mwaka 2012 mpango mkubwa wa LAPSSET ulizinduliwa kule Lamu, na ramani yake ilionyesha reli ikitoka bandarini na kupita kwetu. Bandari ya Lamu ilipokea meli mwaka 2021, lakini hapa kwetu hakuna taruma hata moja lililolazwa. Sisi wachache wa Chechelesi tulio wafanya kazi wa reli twapanda matatu kwenda Nanyuki, ambako reli ilifika mwaka 1930, ikalala miaka mingi, ikafufuliwa mwaka 2020.

Lakini kompyuta haikungoja mataruma. Imekwisha kufika. Imo katika ofisi ya mabasi, imo dukani, imo hospitalini, imo katika ofisi za kaunti, na imo mfukoni mwa kila mmoja wetu kwa jina la simu. Kila mwezi tajiri huyu au yule huleta programu mpya na kusema, "Kuanzia kesho kazi itafanywa kwa hii." Wafanya kazi huitikia, "Ndiyo, bwana," na kesho yake kazi huanza. Hakuna aulizaye, Je, kitu hiki kimepimwa? Nani alikipima? Kikikosea, nani atalipa?

Twaandika barua hii kwa sababu jibu la swali la mwisho tumekwisha kuliona kwa macho, hapa hapa mtaani.

KISA CHA KARANI

Dada mmoja jirani yetu ni karani wa tikiti katika ofisi ya mabasi. Ofisi hatuitaji, wala jina lake hatulitaji, maana bado anataka kula. Tajiri wake alileta programu mpya ya kukata tikiti kwa simu. Fundi alikuja Jumamosi jioni, akaitia katika simu ya ofisi, akamwonyesha dada mahali pa kubonyeza, akaondoka. Mafunzo yote hayakufika nusu saa.

Mwisho wa mwezi programu ilisema dada ana upungufu wa shilingi 9,000. Akaitwa, akaulizwa fedha ziko wapi. Akasema hajui. Akaambiwa mashine haisemi uwongo, na kwamba atakatwa shilingi 3,000 kila mwezi kwa miezi mitatu. Akakatwa elfu tatu za kwanza.

Bahati yake ni kwamba dada huyu ni mtu wa zamani kwa tabia. Alikuwa akiandika kila tikiti kwa kalamu katika daftari lake mwenyewe, pamoja na saa. Alilileta daftari kwetu jioni moja. Tuliketi chini ya taa, daftari upande huu na orodha ya programu upande ule, tukasoma mstari kwa mstari. Tulikuta tikiti tisa, za shilingi elfu moja moja, zimeandikwa mara mbili. Abiria mmoja, kiti kimoja, saa moja, lakini mistari miwili. Tena zote tisa zilikuwa za nyakati ambazo mtandao ulikatika. Skrini ilikwama, dada akabonyeza tena, abiria akapata tikiti moja, na programu ikahesabu mbili.

Tajiri alipoonyeshwa daftari aliacha kumkata. Lakini elfu tatu za kwanza hazijarudi, na neno la kusema "tulikosea" halijatoka. Na sisi twajiuliza: kama dada asingekuwa na daftari? Angelipa elfu tisa, na juu yake angebaki na jina la mwizi katika mtaa ambao kila mtu amjua mwenzake.

DESTURI YA RELI

Sisi watu wa reli tuna desturi ambayo twaiona ya kawaida mpaka twaisahau thamani yake. Gari la moshi haliondoki mpaka breki zimejaribiwa. Fundi hupita kando ya mabehewa na nyundo, akagonga gurudumu na kusikiliza. Gurudumu zima hulia kama kengele. Lenye ufa hulia kama sufuria mbovu. Fundi hasemi, "Gurudumu hili limetoka kiwanda kizuri, sina haja ya kuligonga." Huligonga, kisha husema. Desturi hii haikutoka katika hekima ya wakubwa peke yake. Ilitoka katika makaburi ya watu.

Tuchukue mfano wa Clapham Junction, mjini London. Tarehe 12 Desemba 1988 asubuhi gari moja la moshi liligonga jingine kwa nyuma, na watu 35 wakafa. Mitambo ya taa za ishara ilikuwa mipya, na kazi ya kuifunga ilikuwa ikiendelea. Fundi mmoja, katika kufunga waya mpya, aliacha waya wa zamani ukining'inia bila kuukata wala kuufunga. Waya ule uligusa mahali pake pa zamani, ukapeleka umeme, na taa iliyopaswa kuwa nyekundu haikuwa nyekundu.

Uchunguzi ulioongozwa na Anthony Hidden ulimkuta fundi yule na makosa. Lakini haukuishia kwake. Ulikuta kwamba katika wiki 13 alikuwa amepumzika siku moja tu. Ulikuta kwamba mtu wa pili, ambaye kazi yake ilikuwa kuhesabu nyaya baada ya kazi, hakuzihesabu. Yaani kitu kipya kiliwekwa, na hakuna jicho la pili lililokitazama. Baada ya hapo Uingereza ilikaza kanuni za kupima mitambo mipya, na ikaweka mipaka ya saa za kazi kwa mafundi. Ndugu, shikeni jambo hilo: kupima na kupumzika ni jambo moja. Mtu aliyechoka hapimi, huweka alama tu kwenye karatasi.

Sasa, wengine watasema huo ulikuwa waya, na hii ni kompyuta. Haya, tuje kwenye kompyuta.

Katika nchi ya Wales kuna njia ya reli iitwayo Cambrian. Tangu mwaka 2011 haina taa nyingi za ishara kando ya njia. Dereva huona mwendo anaoruhusiwa katika skrini mbele yake. Oktoba 2017 kompyuta ya ishara ilizimwa na kuwashwa upya usiku. Ilipowaka, amri za muda za kupunguza mwendo zilikuwa zimepotea. Ubaya zaidi ni kwamba skrini ya watu wa ishara ofisini ilionyesha kuwa amri zile zimo. Tarehe 20 asubuhi gari moja likakaribia kivuko cha barabara kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, mahali palipotakiwa kilomita 30.

Nani aligundua? Kompyuta haikugundua. Ofisi haikugundua. Dereva aligundua. Yeye aliijua njia yake, akaona skrini haisemi yanayopaswa kusemwa, akatoa taarifa. Hakuna aliyekufa siku ile. Twasema tena ili lieleweke: mashine ilikuwa na kosa, mashine ya kuikagua mashine ilikuwa na kosa, na mtu mwenye ujuzi wa kazi yake ndiye aliyeokoa.

WALIOKUFA BILA KUAMBIWA

Kuna msiba mwingine ambao Wakenya hawatausahau. Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Ethiopian Airlines iliruka kutoka Addis Ababa kuja Nairobi. Dakika sita tu baadaye ilianguka. Watu 157 walikufa, na kati yao 32 walikuwa Wakenya. Ilikuwa ndege mpya aina ya Boeing 737 MAX. Ndani yake mlikuwa na programu iitwayo MCAS, ambayo kazi yake ilikuwa kuinamisha pua ya ndege ikidhani imeinuka kupita kiasi. Programu hiyo ilisikiliza kipimo kimoja tu. Kipimo kikidanganya, programu iliamini uwongo, ikaisukuma ndege chini tena na tena huku marubani wakishindana nayo.

Miezi minne na siku kadhaa kabla yake, tarehe 29 Oktoba 2018, ndege nyingine ya aina ile ile, ya Lion Air, ilianguka baharini karibu na Jakarta, na watu 189 wakafa. Hapo ndipo marubani wengi wa dunia waliposikia kwa mara ya kwanza kwamba programu hiyo imo. Haikuelezwa katika vitabu walivyopewa. Chama cha marubani wa American Airlines kilikutana na watu wa Boeing Novemba 2018 na kudai maelezo, kikasema wanachama wake wana haki ya kujua kilichomo ndani ya ndege wanazoendesha. Hicho ndicho chama cha wafanya kazi kinachofanya kazi yake. Laiti wangesikilizwa upesi.

Sisi hatutaki kufananisha tikiti ya basi na ndege iliyoanguka. Roho za watu si shilingi. Lakini kosa ni la ukoo mmoja: programu mpya imeingizwa katika kazi, na mtu anayeitumia hakuambiwa inafanya nini, wala inapokosea yampasa afanye nini.

POSTA YA UINGEREZA

Kisa kilicho karibu zaidi na kile cha dada yetu ni cha Posta ya Uingereza. Kuanzia mwaka 1999 Posta ilitia katika ofisi zake ndogo programu ya hesabu iitwayo Horizon, iliyotengenezwa na kampuni ya Fujitsu. Baada ya muda wasimamizi wa ofisi hizo wakaanza kuonekana na upungufu wa fedha. Wengine walilipa kutoka mifukoni mwao, wakauza nyumba zao. Wengine walipelekwa mahakamani. Watu zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa miaka 16 hivi, na baadhi yao walifungwa gerezani. Wengi waliposimama kulalamika waliambiwa, "Ni wewe peke yako mwenye shida hii."

Hawakuwa peke yao. Bwana mmoja, Alan Bates, aliwakusanya, na watu 555 wakaenda mahakamani pamoja. Desemba 2019 jaji alisema programu ile ilikuwa na kasoro ambazo zingeweza kuleta upungufu wa uwongo. Mwaka 2024 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kufuta hukumu zile kwa mamia.

Sasa sikilizeni sehemu inayotuhusu sisi wa vyama. Wasimamizi wale walikuwa na chama chao. Lakini chama hicho kilikuwa kikipata fedha zake kutoka kwa Posta yenyewe, na jaji mwaka 2019 alisema hakikuwa huru. Kilisimama upande wa mashine. Ndugu, chama kinachoamini skrini kuliko mwanachama wake kimekwisha kufa, hata kama bado kina muhuri na kiti cha katibu.

CHAPA NA KARANTINI

Basi, programu hupimwaje? Wengi hudhani ni elimu ya chuo kikuu. Sisi tulisoma shule ya misheni mpaka darasa la mwisho la msingi, na twasema mwenye akili ya sokoni aweza kuelewa. Watu wa Isiolo waelewa zaidi, kwa sababu wajua mifugo.

Ng'ombe au ngamia akiletwa sokoni, kwanza hutazamwa chapa. Chapa yasema mnyama ni wa nani na ametoka wapi. Programu nayo ina chapa: ni sahihi ya mtengenezaji, ambayo kompyuta huweza kuisoma. Tena mtengenezaji mwangalifu hutangaza alama ya faili, mfululizo mrefu wa herufi na tarakimu kama alama ya kidole. Herufi moja ikibadilika ndani ya faili, alama yote hubadilika. Fundi akihesabu alama ya faili aliyopokea na kuikuta si ile iliyotangazwa, ajue imeguswa njiani, aiache.

Lakini chapa haisemi kama mnyama ni mgonjwa. Hapa ndipo wengi hukosea. Mwaka 2020 iligunduliwa kwamba wezi wa mitandao walikuwa wameingia ndani ya kampuni ya Marekani iitwayo SolarWinds, wakatia sumu yao katika programu kabla haijatiwa sahihi. Wateja kama 18,000 wakapokea programu yenye sahihi halali kabisa, na sumu imo ndani. Na tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya CrowdStrike, ambayo kazi yake ni kulinda kompyuta, ilituma nyongeza yenye kosa. Haikuwa ya wezi. Ilikuwa yake mwenyewe, yenye chapa yake. Kompyuta milioni 8.5 zilianguka, ndege zikakaa chini, hospitali zikarudi kwenye karatasi. Sababu moja ya ukubwa wa balaa ile ni kwamba nyongeza ilitumwa kwa wote kwa wakati mmoja.

Wazee wa Isiolo hawangefanya hivyo. Tangu siku za Waingereza mji huu ulikuwa na karantini ya ng'ombe. Mifugo ya kaskazini ilizuiliwa hapa, ikatazamwa na kupimwa homa ya mapafu kabla ya kuruhusiwa kwenda kusini. Wafugaji waliichukia karantini, na walikuwa na sababu zao. Lakini maana yake waliielewa: mgeni hachanganywi na kundi siku anayofika. Programu nayo iwe na karantini. Itiwe kwanza katika kompyuta moja, isiyo na hesabu za kweli wala majina ya watu, ifanyishwe kazi wiki kadhaa. Mtandao ukatwe makusudi. Umeme uzimwe. Karani abonyeze mara mbili. Hesabu za programu zilinganishwe na daftari la mkono. Kama programu ile ya tikiti ingekaa karantini siku tatu tu, huku mtandao wa Isiolo ukikatika kama desturi yake, kosa lingeonekana kabla ya mshahara wa mtu kuguswa.

Na simu zetu wenyewe je? Hapa hatuna tajiri wa kumlaumu. Twawaomba wanachama wafanye haya. Pateni programu kutoka duka rasmi la simu yenu, si kutoka kiungo kilichotumwa na rafiki wa rafiki. Tazameni jina la mtengenezaji, maana wezi hutengeneza mapacha. Tazameni inaomba ruhusa gani: programu ya tochi inayotaka kusoma ujumbe wenu na majina ya jamaa zenu haitafuti giza, yatafuta fedha. Mkiwa na faili mnayoishuku, kuna tovuti iitwayo VirusTotal ambayo huipitisha mbele ya vikaguzi vingi kwa pamoja. Lakini msipeleke huko faili yenye siri, kwa sababu watu wengine waweza kuiona. Baada ya kuiweka, tazameni simu: kama moto wake, betri yake, na bando lake vimebadilika ghafla, iondoeni. Na neno la siri la M-Pesa halimhusu mtu wala programu yoyote inayoliomba nje ya M-Pesa yenyewe.

WATAKAOTUPINGA

Twajua yatakayosemwa. Watasema, "Hawa watu wa Chechelesi wanapinga maendeleo." Hatupingi. Daftari la dada lilimchukua muda mwingi. Programu nzuri ingempunguzia kazi, nasi tungeshangilia. Mtu anayegonga gurudumu hapingi gari la moshi. Anataka lifike.

Watasema, "Kupima kwahitaji fedha na muda." Kweli. Lakini mtu hulipa gharama ile ama kabla au baadaye. Tajiri akikataa kulipa kabla, karani hulipa baadaye. Hiyo si akiba. Ni kuhamisha deni kutoka mfuko mzito kwenda mfuko mwepesi.

Watasema, "Makarani si wataalamu wa kompyuta." Nasi twakubali. Hatutaki karani asome mistari ya ndani ya programu. Lakini fundi wa programu naye si mtaalamu wa ofisi ya tikiti saa kumi na moja alfajiri, abiria wamejaa, mtandao umekatika, na mtoto analia. Ujuzi huo ni wa karani. Dereva wa Cambrian hakuwa mtaalamu wa kompyuta. Alikuwa mtaalamu wa njia yake, na hiyo ilitosha.

Na kuna wengine watakaosema kwamba tatizo ni wezi wa nje tu. Ni kweli wezi wapo. Julai 2023 mtandao wa serikali wa eCitizen ulishambuliwa, na hata ukataji wa tikiti za gari la moshi ukatatizika. Lakini katika visa tulivyotaja leo, karibu vyote havikuwa na mwizi. Vilikuwa na haraka, na ukimya, na wakubwa wasioulizwa swali.

SHERIA IKO UPANDE WETU

Si huruma tunayoomba. Sheria za Kenya zimekwisha kusema. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwenye mahali pa kazi awape wafanya kazi maelezo na mafunzo ya kuwalinda, na mahali penye watu 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama ambamo wafanya kazi wamo. Hakuna mahali sheria iliposema kamati hiyo itazame ngazi na mitungi ya moto tu na kuiacha kompyuta.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yataja makato yanayoruhusiwa. Upungufu wa fedha waweza kukatwa kwa mtu ambaye mkataba wake wamkabidhi fedha, endapo upungufu umetokana na uzembe au udanganyifu wake. Somo ni hilo: wake. Kasoro ya programu si uzembe wa karani. Na kifungu cha 41 chasema mtu asifukuzwe kwa kosa la kazi kabla ya kuelezwa shauri lake kwa lugha anayoielewa, akiwa na mwenzake au mjumbe wa chama kando yake. Tena Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yampa mtu haki ya kujua habari zake zatumiwaje, na haki ya kutohukumiwa na mashine peke yake katika jambo linalomgusa sana.

TUNAYOTAKA

Kwa hiyo twaleta mbele ya wanachama wa matawi yote mapendekezo haya, ili yajadiliwe na yatiwe katika mapatano ya pamoja na matajiri:

1. Programu yoyote mpya ya kazi ikae karantini kabla ya kuanza, na mfanya kazi mmoja anayeijua kazi hiyo awe miongoni mwa wapimaji, kwa saa za kazi, kwa mshahara kamili.

2. Kwa mwezi wa kwanza hesabu ya mkono na hesabu ya programu ziende pamoja. Zikitofautiana, hakuna mtu atakayekatwa mpaka sababu ijulikane.

3. Kila mfanya kazi aelezwe kwa Kiswahili programu inafanya nini, inakusanya habari gani juu yake, na ikikwama afanye nini.

4. Kuwe na daftari la kasoro, lililo wazi kwa wote, ili asiwepo mtu wa kuambiwa, "Ni wewe peke yako."

5. Mfanya kazi anayetoa taarifa ya kasoro asiadhibiwe kwa kuitoa, hata akionekana baadaye kuwa alikosea.

Na kwa wanachama wenyewe tuna neno moja. Mpaka mapendekezo hayo yakubaliwe, nunueni daftari. Andikeni kwa mkono yale mnayoyafanya kwa mashine, tarehe na saa. Ni kazi ya ziada, twajua, na haipendezi kuifanya bila malipo. Lakini daftari la shilingi hamsini lilimwokoa dada yetu shilingi elfu sita na jina lake. Mkiona tofauti, msinyamaze kwa aibu, wala msilipe kimya kimya. Nendeni kwa mjumbe wa chama. Mjumbe naye asiulize kwanza, "Umechukua?" Aulize, "Orodha iko wapi? Tuketi tusome."

Dada bado yuko katika ofisi ile. Kila jioni hupita hapa Chechelesi na daftari lake kwapani. Elfu tatu zake bado twazidai, na tutaendelea kuzidai mpaka zirudi.

Ndimi ndugu zenu wa kazi,
Wafanya kazi wa reli, Chechelesi, Isiolo